Kuku bafuni: wiki za kumuuguza Shangazi baada ya operesheni ya gole

Nianze na lile swali ambalo kila mtu ananiuliza huku anacheka. Ndiyo, kuku alifanyiwa operesheni. Ndiyo, kuku mmoja. Hapana, hatukumla. Mama yangu mwenyewe nilipompigia simu kumwambia alinyamaza kidogo halafu akasema "mwanangu, kwani sufuria zimeisha hapo kwako?" tukacheka wote, lakini mi nilikuwa nacheka machozi yananilenga maana Shangazi alikuwa ndani ya boksi pembeni yangu bado dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, shingo inadondoka inanyanyuka inadondoka kama abiria wa basi la usiku.

Anaitwa Shangazi kwa sababu ya anavyotembea. Anaingia uani anakagua hiki anadonoa kile, anasimama anakuangalia kwa jicho moja kama vile kakukuta hujaosha vyombo toka jana. Ana miaka mitatu, mayai yenyewe anataga anapojisikia. Kwa hiyo ukiniuliza hesabu za faida na hasara sina, tusonge mbele.

Tatizo lilikuwa gole. Kwa asiyejua, kuku hana meno, akimeza kitu kinakaa kwanza kwenye gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, pale mbele ya kidari ukikaa zaidi upande wake wa kulia, kinalainika hapo ndiyo kinateremka kidogo kidogo mpaka kwenye firigisi kinakosagwa. Kuku aliyeshinda vizuri jioni gole limejaa unaliona kabisa. Asubuhi kabla hajala linatakiwa liwe limelala, hamna kitu. Sasa Shangazi asubuhi gole lilikuwa bado limejaa na ni gumu, ukiliminya kama umeshika mpira wa udongo. Niliona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, niliona nikajisemea labda kaamka mapema kakuta punje mahali. Kesho yake nikaona tena. Siku ya tatu ndiyo nikamnyanyua nikasikia ule mfupa wa kidari umechongoka kama kisu, kumbe chakula kimejaa kifuani ila mwilini hakifiki, kuku anakufa njaa na gole limejaa.

Watu walinishauri mengi. Mmoja akasema mpe mafuta umkande, nikampa matone machache nikakanda, donge halikutikisika. Mwingine akasema mgeuze kichwa chini miguu juu atapike. Hilo nashukuru sikulifanya, baadaye dokta wa mifugo aliniambia hapo ndipo wengi wanapowaulia kuku wao mikononi, kile kimiminika cha gole kinarudi mdomoni kinaingia kwenye njia ya hewa na mambo yanaishia hapo hapo.

Operesheni yenyewe sitaisimulia sana kwa sababu sikuwepo ndani, nilikuwa nje natembea huku na huku. Alilazwa kwa gesi, dokta akanyonyoa manyoya pale kifuani, akapasua ngozi halafu gole, akatoa donge la majani makavu marefu yaliyojisokota pamoja na uzi wa plastiki sijui aliuokota wapi, zima zima ukubwa wa yai. Akasafisha, akashona gole peke yake na ngozi peke yake, maana vile vitu viwili vinatakiwa kila kimoja kiteleze kivyake visigandane. Alinionyesha lile donge kwenye kibakuli. Linanuka jamani, chachu kama pombe iliyooza.

Akanipa dawa ya maumivu, antibayotiki, na karatasi ya maelekezo. Akasema, "Kazi yangu imeisha leo, ya kwako ndiyo inaanza." Nilidhani ni maneno tu ya kuagana.

Chumba nilichagua bafu la wageni kwa sababu sakafu inaoshika na mlango unafungika. Jikoni nilikataa toka mwanzo, kuku hata awe mzima kabisa anaweza kuwa na salmonela kwenye kinyesi na haumwi, kwa hiyo sehemu ya chakula hapana, na kila nikimshika nanawa kwa sabuni, watoto nao hivyo hivyo. Nikaazima kizimba cha mbwa, nikatandika taulo kuukuu zilizokunjwa. Sikuweka majani wala maranda. Kwanza yananasa kwenye kidonda, halafu huyu ni kuku aliyepasuliwa kwa sababu ya kula majani, nimtandikie tena majani alalie? Fito ya kulalia pia nikaitoa, asije akaruka akatua kwa kifua. Taulo nabadilisha mara tatu kwa siku, mashine ya kufulia ilizeeka mwezi ule.

Joto ndiyo sikulijua. Mwili wa kuku mzima uko kwenye nyuzi joto 41 hivi, kwa hiyo mkono wako ukimgusa kila siku unasikia wa moto. Sasa ukimnyonyoa kifua, ukamlaza kwa gesi, na tumboni hamna kitu, ule moto unashuka haraka. Usiku wa kwanza alijivimbisha manyoya yote akawa duara, nikadhani amelala kwa raha, kumbe anasikia baridi. Nikajaza chupa maji ya moto nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka pembe moja tu ya kizimba, pembe moja tu ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Kuku hatoki jasho, akizidiwa anahema mdomo wazi, ukiona hivyo ujue umemchemsha.

Na hewa. Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea siku ya pili, akaingia bafuni akatoka kaziba pua, nikageuka kidogo tu nasikia pssssss, kashika spreyi ya kunukia anapuliza mpaka juu ya kizimba. Nilivyomrukia mpaka leo ananisema. "Dada, unamuua!" Yeye anashangaa, "Spreyi ya maua inaua kuku?" Nikamweleza kwamba ndege mapafu yake hayapumui kama yetu, hewa inapitishwa na vifuko vilivyosambaa mwili mzima, kwa hiyo chochote kinachoelea hewani anakinyonya vizuri kuliko sisi, moshi, udi, rangi mbichi, dawa ya mbu. Kibaya kuliko vyote ni vile vikaango vya Teflon visivyoshika chakula, kikisahaulika kwenye moto kikapata joto kupita kiasi mvuke wake unaua ndege aliye ndani ya nyumba dakika chache na wewe hujasikia hata harufu. Changu nilikifungia kabatini muda wote Shangazi akiwa ndani.

Sasa nije kwenye chakula, na hapa ndipo nilipotaka kumuua mwenyewe.

Maelekezo yalisema chakula laini, kijiko kimoja kidogo, kila baada ya saa mbili mchana, usiku hapana. Gole limeshonwa, lisijazwe. Ni maneno mepesi kabisa. Lakini hujakaa na kuku mwenye njaa. Siku ya pili ile dawa ya usingizi ilishatoka, maumivu yametulizwa, na mnyama aliyekaa siku kadhaa bila kushiba akaamka. Alilia! Siyo ule mlio wa kawaida, ni ule wa kuvuta, oooook ook ook, kila nikipita mlangoni. Anatoa kichwa kwenye nyavu, ananitazama. Nikampa kijiko akakimaliza kabla sijasimama. Nikaongeza. Nikaona anakula vizuri mi moyo umejaa, nikasema kula mama kula, nikampondea kiini cha yai la kuchemsha, chakula chake cha kawaida nikakiloweka mpaka kikawa uji, nikamwachia kibakuli kabisa nikaenda kufanya kazi zangu najiona muuguzi hodari.

Kurudi, gole limevimba kama tenisi na mshono umevutika nyuzi zinaonekana zimekaza, na chini ya mshono kuna unyevu. Magoti yaliishiwa nguvu. Nikampigia dokta.

"Dokta, kidonda kimelowa."

"Kimelowa nini? Kinanuka chakula au ni maji maji tu?"

Nikainama nikanusa, hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa, saa tano usiku niko sakafuni nanusa kifua cha kuku. Hakikunuka ule uchachu. Yalikuwa maji maji mepesi ya rangi ya majani ya chai.

"Umempa kiasi gani?"

Nikanyamaza.

"Nauliza umempa kiasi gani."

Nikamwambia. Akavuta pumzi, akasema ondoa chakula chote, acha maji kidogo tu, usimkande, usimguse, asubuhi mlete. Kama chakula kingeanza kupita kwenye mshono wa gole kikaingia chini ya ngozi pangeoza na ingebidi afunguliwe upya, na kuku aliyedhoofika vile kulazwa mara ya pili siyo jambo la kuomba. Sikulala. Asubuhi akamwangalia, akasema mshono umeshika, umevutika tu, una bahati. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia vizuri zaidi.

Toka siku hiyo nikanunua utaratibu, kama naweza kusema hivyo. Kijiko kimoja, saa mlangoni imebandikwa, na masikio nayaziba. Kila asubuhi kabla ya chakula vidole viwili pale kifuani kwa upole, gole limelala au la. Halafu mzani wa jikoni (nilinunua mwingine wa jikoni, usiulize), nauwekea boksi, nasoma gramu naandika. Huo mzani ulinisaidia kuliko macho yangu, maana kuku ni mwongo sana wa afya. Porini mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo anajikaza, anakula mbele yako, anakuangalia vizuri, huku anapungua. Shangazi alirudi toka kwa dokta na gramu 1,640, siku ya nne akawa 1,580 nikashikwa na hofu, dokta akasema subiri, akidondoka chini ya hapo niite. Siku ya sita 1,595. Gramu 15! Nilimwamsha mume wangu kumwambia, akasema hongera akageukia ukutani.

Kinyesi nacho ukikaa na kuku ndani utakuwa profesa. Cha kijani chenye maji maji siku za mwanzo ni kwamba tumboni hamna chakula, ni nyongo hiyo. Ile nyeupe juu yake ndiyo mkojo, kuku hana mkojo wa maji kama sisi. Kuna kimoja cha kahawia kinachonata kama gundi kinanuka mpaka unatoka nje, siku ya kwanza kukiona niliandaa taulo niende tena kwa dokta nikidhani anaharisha, kumbe ni cha kawaida kabisa, kinatoka kwenye vile vifuko viwili vya utumbo mwembamba unakokutana na mpana, mara chache kwa siku. Kisipoonekana kabisa ndiyo ungeuliza.

Dawa. Kuna watu wanamfungua kuku mdomo wanamimina sirinji nzima. Jamani hapana. Ukimfungua mdomo, pale nyuma ya ulimi utaona kijitundu kinafunguka na kufunga, hicho ndicho njia ya hewa, kiko wazi hapo mbele hakina hata kifuniko, ukimimina kwa pupa inaingia huko. Mi niliweka tone pembeni ya mdomo, anajilamba mwenyewe anameza, tone lingine. Ile ya maumivu ilikuwa tamu kidogo akawa anaifuata, antibayotiki ilikuwa chungu anatingisha kichwa ukuta mzima wa bafu madoadoa, basi nikawa naidondoshea kwenye kipande cha kiini cha yai ukubwa wa punje ya maharage na hicho kipande nakihesabu kama sehemu ya kijiko chake. Kumshika pia kuna namna. Unamviringisha taulo mabawa yatulie, lakini kifua usikibane, kuku hana ule msuli wa kiwambo unaotusaidia sisi kuvuta pumzi, anapumua kwa kukipeleka kidari chake mbele na nyuma. Ukikibana kwa upendo umemnyima hewa. Mwanangu mdogo alikuwa anataka kumkumbatia kila saa, nilimfundisha akae chini Shangazi akae juu ya mapaja yake tu, mikono pembeni.

Siku ya saba akataga yai. Tukashangilia nyumba nzima, mume wangu akaliokota akaliweka kwenye friji pamoja na mengine, nikaja nikalitoa tena kwa kubahatisha lipi ni lipi mpaka tukaamua kutupa yote sita. Kuku anayetumia dawa mayai yake hayaliwi mpaka zipite siku alizokuandikia dokta baada ya dozi ya mwisho, na hilo nilikuwa nimeambiwa ila kwa furaha nikasahau. Gamba lenyewe lilikuwa laini kama karatasi. Dokta akaniuliza taa ya bafuni inazimwa saa ngapi. Nikamwambia saa sita usiku, namwachia asiogope giza. Akacheka. Kuku mwanga ndiyo unaomwambia mwili utage, akipata saa 14 na kuendelea mwili unajua ni msimu, na huyu badala ya kutumia nguvu na chokaa yake kujiponya anaipeleka kwenye yai. Kuanzia siku hiyo taa saa kumi na mbili jioni imezimwa, na giza halimtishi hata kidogo, kuku gizani anatulia kama kitu kilichochomolewa umeme. Niliyekuwa naogopa giza kwa niaba yake ni mimi.

Nzi sitawasema sana, ila dirisha liwe na wavu na kidonda ukiangalie asubuhi na jioni. Nzi mmoja tu akitaga pale, siku inayofuata una funza. Nilimwona mmoja ndani siku ya tatu, nilimfukuza nusu saa na kandambili.

Kilichonishinda zaidi ni upweke wake. Siku ya nane hivi akaanza kusimama tu kwenye kona, anakula kijiko chake bila ule ugomvi, mchana kutwa anasinzia. Homa hana, gole linashuka, gramu zinapanda. Nikaweka kioo kidogo ukutani akakisogelea akakaa karibu nacho, akawa anaongea nacho kwa sauti ya chini, kwa kweli nilitoka nje. Kuku ni mnyama wa kundi, peke yake anaona dunia imemwisha. Basi jua likitoka nikawa nabeba kizimba naweka uani wenzake wanamwona kupitia nyavu, saa moja, kesho mbili, namrudisha ndani.

Siku ya kumi na mbili nyuzi zimeshaanza kuyeyuka, kidonda kimekauka, nikamwonea huruma tena (ndiyo, tena) nikafungua mlango wa kizimba mchana kweupe nikasema nenda mama ukasalimie. Sekunde kumi hazikupita. Ule utaratibu wao wa nani mkubwa nani mdogo ulishapangwa upya yeye hayupo, na amerudi na kifua cheupe kimenyonyolewa na kovu jekundu katikati, na kuku akiona chekundu lazima adonoe. Yule mweusi ambaye zamani alikuwa anampisha Shangazi kwenye maji ndiye aliyemrukia wa kwanza. Niliingia katikati kwa miguu mitupu, nikadonolewa mimi. Yeye alitoka na mchubuko mdogo juu ya mshono tu.

Awamu ya pili nilifanya taratibu. Kizimba ndani ya banda lenyewe, nyavu katikati, siku tano wanakula bega kwa bega bila kugusana. Halafu nikachukua yule kuku mpole kuliko wote nikamweka naye kizimbani siku mbili, apate angalau mtu mmoja upande wake. Halafu usiku, wote wameshapanda kwenye fito na hawaoni kitu, nikampandisha Shangazi nikamsogeza kati yao. Asubuhi niliwahi kabla jua halijatoka, nimeweka vyombo vya chakula viwili na maji sehemu mbili ili asikae mmoja analinda. Kulikuwa na kusukumana, mweusi alimdonoa mara mbili kichwani, Shangazi akainama akapisha, ikaisha. Sasa hivi ni wa tatu. Zamani alikuwa wa kwanza.

Manyoya ya kifuani kwa kuwa yalinyonyolewa na siyo kukatwa yalianza kuota baada ya wiki chache, yanatoka kama miba ya nungunungu yenye damu ndani, ukiyagusa anaruka, kwa hiyo usiyaguse. Majani marefu uani nayafyeka kila wiki na kila uzi nauokota, watoto wananiona nimeinama wanasema mama anatafuta dhahabu.

Jioni wenzake wakiingia bandani yeye anakuja mpaka mlango wa nyuma anasimama kwenye kapeti, anakohoa ule mlio wake wa kunishtaki, anataka bafuni. Namnyanyua, namkatalia, natembea naye taratibu mpaka bandani, na njiani vidole viwili vinaenda pale kifuani vyenyewe. Limejaa. Kesho asubuhi naamka kuangalia kama limelala.